Swali kutoka Langoni: Kwa nini wachezaji wangu wote wananuna ifikapo Juni?

SWALI: Assalam alaykum, kaka. Natengeneza mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu ya besiboli ya Marekani. Mchezaji anakuwa meneja: anapanga kikosi, ananunua, anauza, anazungumza mikataba. Nilianza kwa kuiga michezo ya kuendesha timu za soka. Morali ni namba kati ya 0 na 100. Timu ikishinda inapanda, ikishindwa inashuka. Mkataba ni pesa na miaka, ukifika bei ya mtu anatia sahihi. Matatizo ni mawili. Ifikapo Juni karibu kila mtu ananuna, hata kwenye timu inayoongoza. Na wenzangu hapa Lamu wanaonijaribia wamegundua ujanja: wanaongeza dola elfu kumi, elfu kumi, mpaka mtu akubali. Hakuna utamu. Nianze kurekebisha wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hilo la Juni nalijua, lilinikuta. Mchezo wangu wa kwanza wa besiboli niliuandikia huku Malindi, mtaa wetu wa Shela, si Shela yenu ya Lamu. Nilitoa alama mbili kwa kila mechi iliyopotea na kuongeza moja kwa kila ushindi, nikijiona mjuzi wa nafsi za watu, maana kipigo huuma kuliko ushindi unavyofurahisha. Timu moja ikamaliza msimu na ushindi 95 na vipigo 67. Piga hesabu: 95 toa 134. Timu bora ya ligi ilikuwa na deni la alama 39, na mdakaji wake mkuu anaomba auzwe.

Ukibadilisha hizo namba hutapona, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni soka. Timu ya Ligi Kuu ya Uingereza inacheza mechi 38. Timu ya ligi kuu ya besiboli inacheza 162 kwa miezi sita hivi, karibu kila siku. Timu inayoshinda 100 inasifiwa mji mzima, na imepigwa mara 62. Chicago White Sox walipoteza 121 mwaka 2024, na hata wao walishinda 41. Kwa mtu mmoja mmoja ni vivyo hivyo. Mpigaji mwenye wastani wa kupiga wa .300 ni nyota, na anakosa mara saba katika kumi. Chukua mwenye wastani wa .270, mpe zamu nne kwa mechi. Uwezekano wa kutopiga hata moja ni 0.73 mara yenyewe mara nne, yaani asilimia 28. Kukosa mara 12 mfululizo ni asilimia 2 na kidogo. Katika msimu wa zamu 550 jambo hilo litamfika mara tatu hivi bila yeye kupungukiwa na chochote. Ukimshusha morali kila linapomfika, unamwadhibu kwa bahati nasibu ya kompyuta yako mwenyewe.

Baba yangu mdogo alikuwa na mashua. Nilikuwa nikikaa mchangani wakirudi, nikitazama mgao: fungu la chombo, fungu la nyavu, kinachobaki ni mafungu ya mabaharia. Kwenye kusi walirudi mikono mitupu siku tatu, nne, na sikumwona mtu akimnunia nahodha. Bahari ni bahari. Niliyemwona akinuna alinuna siku ya neema, mashua imejaa kolekole. Alikuwa ameahidiwa fungu na nusu kwa kuwa ndiye aliyepiga mbizi kunasua nyavu. Akapewa fungu moja kama wengine. Hakusema neno. Alifunga samaki wake kwenye ukili, akaondoka, na alfajiri ya pili alikuwa anavuta kamba ya mashua ya mtu mwingine.

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Mchezaji wa besiboli hanuni kwa matokeo. Hununa kwa tofauti kati ya alichoambiwa na alichopata, au kati yake na aliyekaa naye benchi moja. Ifute ile namba moja ya morali, umpe kila mchezaji daftari. Langu lilikuwa hivi, kwa mchezaji namba 14:

12 Februari – aliambiwa atacheza nafasi yake ya uwanja wa nyuma, katikati, mwisho wa ahadi 30 Juni, uzito 8.
3 Mei – amehamishiwa kushoto mechi 11, ahadi imevunjwa, hakuelezwa sababu.
20 Mei – amesajiliwa mwingine wa nafasi yake kwa mshahara mara mbili.
2 Juni – meneja amezungumza naye, uzito wa mstari wa pili umeshuka kutoka 8 hadi 5.

Morali ni jumla ya mistari iliyo hai, pamoja na tabia yake ya kuzaliwa: wapo wanaopenda ushindi kuliko pesa, wapo wanaopenda mji, wapo wasiopenda chochote ila kuanza mechi. Matokeo ya uwanjani yaingie pia, lakini yafifie upesi. Mimi huzidisha kwa 0.95 kila siku, hivyo baada ya wiki mbili inabaki kama nusu. Ahadi iliyovunjwa usiifishe kwa siku. Ifishe kwa tendo: mazungumzo, nafasi aliyorudishiwa, au mkataba mpya. Ile "hakuelezwa sababu" usiipuuze. Katika majaribio yangu mstari huo mmoja ndio uliofanya watu waache kubofya na kuanza kufikiri kabla ya kumhamisha mtu.

Jambo la pili: usiiachie morali injini ya mechi. Ukifanya aliyefurahi apige vizuri zaidi, timu inayoshinda itafurahi, itapiga zaidi, itashinda zaidi, na kufikia Julai una timu mbili za malaika na 28 za wafu. Kwangu morali haimvushi mpigaji wa .270 zaidi ya .274. Nguvu zake ziweke nje ya uwanja. Atakubali kubadili nafasi? Atawafunza vijana? Atatia sahihi kwa bei ya udugu, au atasubiri soko? Na usimwonyeshe meneja namba. Mwonyeshe kwamba mtu aliyekuwa akifika mazoezini saa nane mchana sasa anafika saa tisa. Aliyenuna hasemi amenuna.

Sasa mikataba. Ujanja wa elfu kumi kumi umezaliwa kwa sababu mazungumzo yako hayana umri. Katika ligi hiyo mchezaji hupita enzi tatu, na kila enzi ina lugha yake. Kipimo cha hesabu ni siku za utumishi: siku 172 kwenye kikosi kikuu ni mwaka mmoja, katika msimu wa siku 187 hivi. Kabla ya kutimiza miaka mitatu, klabu ndiyo inayopanga mshahara, mara nyingi karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Baada ya mitatu anaweza kwenda kwenye usuluhishi, ambako jopo huamua mshahara wake. Baada ya sita yuko huru kwenda klabu yoyote. (Wapo wachache wanaoingia kwenye usuluhishi baada ya miaka miwili na ushei, waachie toleo la pili la mchezo wako, watakutoa roho.)

Ona sasa jinsi kalenda peke yake inavyozalisha kinyongo. Mwaka 2015 mpigaji chipukizi Kris Bryant alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye mechi za maandalizi, lakini Chicago Cubs wakamwanzisha ligi ndogo, wakisema anahitaji kunoa ulinzi wake. Walimpandisha 17 Aprili. Alimaliza msimu na siku 171, pungufu siku moja, na uhuru wake ukasogea mwaka mzima. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa. Klabu haikuvunja kanuni. Lakini mchezo wako ukimruhusu meneja kufanya hivyo bila mstari kuandikwa kwenye daftari la kijana, umempa mwaka wa bure, na kila anayeujaribu ataufanya kwa kila kijana.

Usuluhishi ndio sehemu tamu kuliko zote, na wengi huuruka. Mchezaji anataja namba, klabu inataja namba, na jopo la watu watatu linachagua mojawapo. Katikati hakuna. Mwaka 2023 mrushaji Corbin Burnes wa Milwaukee alitaka dola milioni 10.75, klabu ikataja milioni 10.01. Klabu ilishinda, ikaokoa dola 740,000. Burnes akatoka akasema hadharani kwamba uhusiano umeumia, kwa sababu ya yaliyosemwa juu yake katika kikao. Kabla ya msimu wa 2024 kuanza alikuwa amekwisha kupelekwa Baltimore. Sisemi hilo moja ndilo lililomtoa, mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni pia. Nasema hivi: ili kushinda kikaoni lazima klabu imsimange mchezaji wake mbele yake. Kwa hiyo meneja akienda kikaoni, mstari mzito uandikwe hata akishinda, na hasa akishinda kwa tofauti ndogo. Hapo atajifunza mwenyewe kumaliza mambo kabla ya siku ya kikao, kama klabu nyingi zinavyofanya.

Kisha ule mkataba wa mapema, wa kumfunga kijana kabla hajawa huru. Hapa bei peke yake haitoshi. Weka kigezo cha hofu. Tuseme ana mwaka mmoja wa utumishi, na mambo yakienda sawa miaka mitano ijayo atapata, kwa mamilioni, 0.8, 0.8, 4, 8 na 12. Jumla 25.6. Lakini bega linaweza kukatika: mpe asilimia 30 za kuishia na milioni 2 tu. Wastani wake ni 0.7 mara 25.6, ongeza 0.3 mara 2, yaani milioni 18.5. Mwenye hofu ya 0.15, yaani aliye tayari kupunguza asilimia 15 ili apate uhakika, atakubali kama 15.7. Mwenye hofu ya 0.03 hatashuka chini ya 17.9. Hofu hiyo inatoka wapi? Angalia alipewa nini siku aliyosajiliwa. Ronald Acuña Jr. alitoka Venezuela kwa bonasi ya dola 100,000. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 21, alikubali miaka minane kwa milioni 100, na watu wakasema Atlanta wameokota dodo chini ya mnazi. Bryant alianza na bonasi ya milioni 6.7, huyo ana akiba ya kusubiri. Mwenye unga ndani hagombanii bei sokoni. Bonasi ya usajili bila shaka unayo tayari kwenye hifadhidata, iunganishe tu.

Na wapo wanaojiwekea dau wenyewe. Mpigaji Aaron Judge alikataa miaka saba kwa milioni 213.5 kabla tu ya msimu wa 2022 kuanza, akapiga houmurani (mipigo ya kuvusha mpira nje ya uzio) 62 mwaka huo, na Desemba akatia sahihi miaka tisa kwa milioni 360. Kwa hiyo tia tarehe ya mwisho. Wachezaji wengi hawataki mazungumzo msimu ukishaanza, na hapo ndipo meneja wako anapaswa kutokwa jasho.

Elfu kumi kumi utaziua kwa kumfanya wakala kuwa mshenga. Wewe ni wa Lamu, hili nakuachia, unalijua kuliko mimi. Mshenga akirudi kwa wazee na posa isiyo na maana, hamrudishi kesho na shilingi mia juu yake. Basi toa raundi chache, nne hivi. Ofa ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya anachojiona anastahili, raundi moja inakufa papo hapo. Kila raundi, kama pengo halikupungua kwa robo, wakala anafunga mlango kwa siku 30. Na wakala ana wateja wengine, hivyo kumbukumbu yake isikae kwenye daftari la mchezaji mmoja. Ukimdanganya mmoja, watano wake wamesikia. Mimi nilimpa kila wakala namba moja ya imani kwa kila klabu, basi; usiongeze zaidi ya hapo, utapotea njia kama nilivyopotea.

Mengine ni madogo. Mwenye miaka kumi ya utumishi, mitano ya mwisho katika klabu ileile, ana haki ya kukataa kuhamishwa. Ni kigezo kimoja cha ndiyo au hapana. Malipo ya kuahirishwa yaruhusu, kwani yamewahi kutawala habari: katika milioni 700 za Shohei Ohtani kwa miaka kumi, milioni 680 zitalipwa kuanzia 2034. Lakini mchezaji akubali kulingana na umri na ile hofu, si kila mtu ana matangazo ya kuishia mpaka wakati huo.

Ukimaliza, endesha misimu 20 kompyuta ikicheza peke yake, wewe usiguse kitu. Hesabu vitatu: wangapi wameomba kuondoka, vikao vingapi vya usuluhishi vimefika mwisho, na vijana wangapi wametia sahihi mapema. Ukiona Juni bado wananuna kwa kundi, usikimbilie kupunguza uzito wa ahadi. Fungua madaftari kumi ya walionuna uyasome kwa macho kama barua. Kwangu nilikuta saba kati ya kumi wana mstari mmoja uleule: kompyuta ilikuwa ikimwahidi kila mrushaji nafasi ya kuanza mechi, na nafasi hizo ni tano. Ukikwama nitumie hayo madaftari, usinitumie msimbo.