Re: Mwanamke wa Kiviking angempenda kweli komando wa leo?

Dada, umeuliza kama shujaa wa kike wa hadithi yako angempenda kweli huyo komando aliyetupwa miaka 1,000 nyuma, au angemtii kwa woga tu. Woga ondoa kabisa! Wanawake wa Kiviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, waliweza kuvunja ndoa kwa kutamka mbele ya mashahidi, na mume akiwa safarini wao ndio walioendesha shamba, funguo zikining'inia kiunoni. Kule Birka, Uswidi, kaburi lenye upanga, shoka, mishale na farasi wawili lilidhaniwa ni la mwanamume hadi vipimo vya vinasaba vya 2017 vilipoonyesha ni la mwanamke. Mimi ningeanzia kwenye lugha: risasi zimeisha, mwanajeshi hana neno hata moja, na huyo mwanamke ndiye anamfundisha kuomba maji. Andika, tunasubiri.