Chembe za nano: nani aliulizwa?

Tangu niandike kuhusu dawa za nano, maswali yamekuwa mengi. Kwa waliokosa makala ile: chembe za nano ni punje ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000.

Shikamoo. Nimeombwa kushiriki jaribio la dawa yenye chembe za nano. Fomu ni ya Kiingereza kitupu. Nikisaini, naweza kujitoa baadaye? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Kujitoa ni haki yako wakati wowote, na hupaswi kunyimwa matibabu yako ya kawaida kwa sababu hiyo. Azimio la Helsinki, linaloongoza tafiti za kitabibu tangu 1964, linailinda haki hiyo. Ila dawa hizi zina jambo lake. Chembe nyingi za nano zikishaingia kwenye damu huishia kwenye ini na wengu, na zile zisizoyeyuka, za dhahabu kwa mfano, zinaweza kukaa humo miezi mingi. Wewe utajitoa, zenyewe hazitoki. Kwa hiyo waulize kabla ya kalamu kugusa karatasi: zimetengenezwa kwa kitu gani, zinatokaje mwilini, mtanifuatilia hadi lini, nikidhurika nani analipa? Mtafiti akikuambia "usiwe na wasiwasi", hajakujibu.

Na fomu usiyoielewa si ridhaa hata ukiisaini kila ukurasa. Dai ya Kiswahili, nenda nayo nyumbani, isome na mtu unayemwamini. Tafuta humo namba ya simu ya kamati ya maadili. Kwa Tanzania, jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pamoja na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Piga simu, uliza kama vipo.

Kiwandani kwetu tunachanganya plastiki. Umeletwa unga mweusi, eti ni nanotyubu za kaboni. Tuogope? (Msomaji, Athi River)

Mgonjwa huletewa fomu. Mfanyakazi huletewa mfuko na pauro. Hili ndilo linaloniudhi zaidi katika mada hii yote. Mwaka 2008, watafiti wakiwemo wa Edinburgh walionyesha kwamba nanotyubu ndefu, yaani vimirija vyembamba mno vya kaboni, zikiwekwa tumboni mwa panya huleta madhara yanayofanana na ya asbestosi, zile nyuzi zinazoleta saratani ya mapafu. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, likaiweka aina moja, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine hazikupewa uamuzi kwa kuwa ushahidi haukutosha, na mameneja hupenda kusoma hapo kwamba ni salama.

Ombeni karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo. Mwajiri anapaswa kuwa nayo. Mfuko ufunguliwe penye mtambo wa kufyonza vumbi hewani. Msifagie unga uliomwagika, ufutwe kwa kitambaa kibichi. Barakoa ya kitambaa haitoshi, mnahitaji ya kuchuja, inayobana uso vizuri. Wakikataa, nendeni DOSHS, idara ya serikali ya Kenya ya usalama na afya kazini, mkiwa kundi.

Ni kweli pipi nyeupe zina nano? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Baadhi, ndiyo. Angalia E171 kwenye karatasi ya pipi. Ni titani dioksidi, rangi nyeupe ambayo sehemu ya chembe zake ni za nano. Ufaransa iliisimamisha kwenye vyakula mwaka 2020, Umoja wa Ulaya mzima ukaipiga marufuku mwaka 2022. Marekani bado inaruhusu. Mimi nisingewanunulia.

Chanjo za korona zilitiwa roboti za nano? (Msomaji, Bukoba)

Hapana. Chanjo za mRNA, zinazobeba ujumbe wa kuufundisha mwili kujikinga, zina vitone vya mafuta vya ukubwa wa nano vya kuufikisha ujumbe huo ndani ya seli. Si roboti.

Kwa nini serikali isipige marufuku vitu vyote vya nano? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu ingepiga marufuku na dawa nzuri za saratani. Shida ni kutojua kilichomo. Mwaka 2006 Ujerumani, dawa ya kupulizia bafuni iliyoitwa Magic Nano iliwaletea watu wapatao 100 kikohozi na kubanwa kifua. Ikaondolewa madukani. Baadaye ikagundulika haikuwa na chembe za nano hata kidogo. Mamlaka zilijua kilichomo baada ya watu kuugua.

Ufaransa, tangu 2013, humlazimu anayetengeneza au kuingiza nchini angalau gramu 100 za chembe hizo kwa mwaka kuzitangaza serikalini. Huku kwetu ningeanzia bandarini Mombasa na Dar es Salaam: tamko la mzigo liwe na kisanduku kimoja cha kuuliza kama bidhaa ina chembe za nano, zipi, na kiasi gani.