Kukata mti wa Krismasi shambani na watoto

Dada, umeuliza mwende upande gani wa jimbo la North Carolina, Marekani, kukata mti, na mti upi hautapukutika kabla ya sikukuu. Nendeni magharibi, milimani, kaunti ya Ashe au Avery. Huko ndiko kwenyewe kwa Fraser fir, aina moja ya mti wa Krismasi, na mimi ningechukua huo bila kusita: matawi yake magumu hubeba mapambo mazito, na majani hushika muda mrefu. White pine, aina nyingine, unapendeza, ila matawi yake laini huinama ukiyatundikia kitu kizito.

Pimeni dari kabla ya kutoka nyumbani, tena muandike. Shambani kila mti huonekana mdogo kwa kuwa juu yake kuna mbingu tu! Punguzeni sentimita 30 hivi kwa ajili ya stendi na nyota. Mashamba mengi huazima msumeno, lakini pigeni simu kwanza. Glavu na kamba bebeni zenu. Baba akilala chini kukata, mtu mmoja aushike mti wima, watoto wakae kando (wangu hugombania nani apige kelele "unaangukaaa"). Juu ya gari, kitako cha shina kitangulie mbele, la sivyo upepo utayavuruga matawi.

Mkifika nyumbani, kama saa kadhaa zimepita, kateni tena kipande chembamba cha shina, sentimita moja au mbili, kisha utieni mti majini papo hapo. Shina la sentimita 10 linaweza kunywa lita 4 kwa siku, kwa hiyo angalieni maji kila asubuhi. Na msiuweke karibu na hita.