Gari Ulilonunua Juzi Linachemsha? Uliza Kwanza Linachemsha Wapi

Wiki ya tatu tangu ninunue gari langu, ambalo lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wengine, mshale wa joto ulinyanyuka nikiwa katikati ya mlima mrefu. Haukuruka. Ulipanda polepole, ukavuka mahali ulipozoea kukaa, ukaendelea. Nilizima kiyoyozi, nikafungua hita mpaka mwisho na kushusha vioo vyote, kisha nikatafuta pa kuegesha. Hita ina rejeta (kifaa cha kupoza maji ya injini) yake ndogo ndani ya dashibodi, na ukiifungua inaichotea injini sehemu ya joto. Haitibu ugonjwa, ila inakupa dakika chache za kufika pembeni mwa barabara. Nilipofika nilizima injini na sikugusa kitu chochote chini ya boneti kwa karibu saa nzima.

Kusimama palepale ndiko kulikookoa injini ile. Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, kwa magari mengi ni za alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi hupinda. Hedi ikipinda, gasketi (kizibo chembamba kati ya hedi na injini) inaungua, na tatizo lililokuwa la mpira wa maji au kifuniko cha rejeta linageuka kuwa kazi ya kushusha hedi nzima. Nawasihi wote walionunua gari karibuni: mshale ukipanda, usiseme "nifike tu pale mbele".

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu ya maelezo yangu akasema ni themostati, kilango kinachofunguka kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Ikabadilishwa. Siku nne baadaye, mlima uleule, mshale ukapanda vilevile. Fundi wa pili akasema pampu ya maji. Nayo ikabadilishwa, na mlima ukanipa jibu lilelile. Nilikuwa nimenunua vipuri viwili na bado sijui gari langu linaumwa nini.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mtaratibu. Kabla ya kushika spana aliniuliza: linachemsha likiwa wapi? Kwenye foleni au likikimbia? Baada ya dakika ngapi? Maji yanapungua? Kiyoyozi kinakuwa kimewashwa? Nilimjibu kwamba kwenye foleni halina shida kabisa, linachemsha likipanda mlima au likienda mwendo mkubwa kwa muda mrefu. Akasema, "Basi feni tuiache. Tutazame rejeta."

Maelezo yake niliyaelewa mara moja. Gari likisimama, hewa inayopita kwenye rejeta inaletwa na feni peke yake. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni kisha likapoa likianza kutembea, mtuhumiwa wa kwanza ni feni na vitu vyake: fyuzi, rilei, sensa, mota, au mkanda kwa magari ambayo feni yake inazungushwa na injini. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, ukiwasha kiyoyozi feni nayo inawaka, kwa hiyo unaweza kuipima ukiwa umeegesha. Gari likikimbia, upepo unaingia wenyewe kwa wingi. Likichemsha hapo, shida ni kwamba maji hayazunguki ya kutosha, au yanazunguka lakini rejeta haiwezi kuyapoza. Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, fikiria maji machache, hewa iliyonasa ndani, themostati iliyokwama ikiwa imefunga, au gasketi.

Kwa gari ulilonunua kwa mtu kuna ugumu wa ziada, kwamba hujui aliyekutangulia alifanya nini. Wengine huitoa themostati kabisa, na gari likawa linachelewa kupata joto na kula mafuta zaidi huku tatizo la msingi likiwa limefichwa. Wengine huunganisha feni moja kwa moja na swichi. Wengine humimina dawa ya kuziba uvujaji, ambayo inaziba tundu lililokusudiwa na kuacha mabaki kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Na wapo waliotumia maji matupu miaka yote, bila kulanti (dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji), kutu ikala ndani kwa ndani.

Ndiyo maana uchunguzi uanze asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Hili la ubaridi si la kupuuza. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha, mara nyingi karibu bar 1 juu ya ile ya hewa ya kawaida, na chini ya presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu 120. Ukifungua injini ikiwa ya moto, presha inaondoka ghafla na maji yanageuka mvuke hapohapo, usoni mwako. Kwa sababu hiyohiyo, kifuniko ambacho mpira wake umekakamaa au springi yake imelegea kinaweza kulifanya gari zima lichemshe. Ni kipuri kidogo na chepesi kubadilisha kuliko vingine vyote, lakini mafundi wengi hawakitazami.

Nilipofungua changu asubuhi ile, nilipitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta. Kilitoka na tope la rangi ya udongo mwekundu, laini, lenye chembe kama za vumbi la tofali. Kulanti nzima ina rangi safi, iwe kijani, nyekundu au bluu, na unaona kupitia kwake. Yangu haikuonyesha kitu.

Kisha mzee akaniambia niwashe injini, iliposhika moto akapiga resi kwa mkono huku mimi nikiutazama mpira wa chini wa rejeta. Ulibonyea. Resi ikipanda, mpira unanyweka na pande zake kukaribia kugusana, resi ikishuka unajaa tena. Pampu ilikuwa inavuta maji kuliko rejeta ilivyoweza kuyatoa. Mpira uliochoka peke yake nao hubonyea hivyo, kwa hiyo tuliubadilisha kwanza. Ule mpya, mgumu, haukubonyea, lakini gari bado lilichemsha. Hapo akachukua kipimajoto kile cha kuelekeza kwa mbali na kupima uso wa rejeta mraba kwa mraba. Juu palikuwa pa moto, na sehemu kubwa ya katikati na chini ilikuwa ya baridi kabisa, maji hayapiti. Rejeta ilipotolewa tuliona na jambo la nje: kati yake na kondensa, yaani rejeta ya kiyoyozi, palikuwa na zulia la vumbi, manyoya na mabawa ya wadudu. Ukitazama kwa mbele huoni kitu, maana kondensa imekaa mbele yake.

Kabla ya kulipia rejeta mpya nilitaka kujua kama gasketi imesalimika, na nakushauri ufuate mpangilio huo, kwa sababu hakuna faida ya kufunga rejeta mpya kwenye injini yenye hedi iliyopinda. Tulitazama oili kwenye kijiti na chini ya kifuniko chake, tukitafuta utando mzito wa rangi ya maziwa. Tulitazama kama ekzosi inatoa moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto. Nilibonyeza mpira wa juu dakika moja baada ya kuwasha injini baridi: ukiwa mgumu mapema hivyo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Mwisho, akaweka kwenye mdomo wa rejeta kifaa chenye dawa ya bluu ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi inayotoka kwenye silinda. Ilibaki bluu. Nilishusha pumzi.

Themostati yangu ya zamani nilikuwa nimeihifadhi. Niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nikawasha moto. Imechongwa namba 82, na ilipofika hapo ikaanza kufunguka taratibu kama inavyotakiwa. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kipimo hicho cha dakika kumi kingenizuia kununua nyingine, na unaweza kukifanya jikoni.

Kuhusu mshale wenyewe, usiuamini kupita kiasi. Magari mengi ya kisasa yameundwa mshale ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike. Ukiuona umeanza kusogea, injini imeshapita joto lake la kawaida. Ubaya mwingine ni kwamba maji yakiisha, sensa inabaki kwenye mvuke au hewa tupu, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, au hita ikaanza kutoa baridi, zima gari. Mimi nilinunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari, kinachoonyesha joto halisi kwa namba kwenye simu. Kwa mtu aliyenunua gari asilolijua, sijui kifaa kinachofaa zaidi.

Tulifunga rejeta mpya na kifuniko kipya, tukasafisha njia zote za maji mpaka yakatoka meupe, tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Soma kitabu cha gari lako ujue aina inayotakiwa. Rangi peke yake haitoshi kukuambia, na aina zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda. Kulanti ya zamani usiimwage chini: ni sumu, ina utamu, na wanyama huinywa. Baada ya kujaza tuliacha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi tangu ilipokuwa baridi, hita ikiwa imefunguliwa, pua ya gari ikiwa juu kidogo, mpaka mapovu yakaisha. Hatua hii ikirukwa, hewa iliyonasa inalichemsha gari lenye kila kitu kipya, na mwenye gari anaambiwa kipuri ni kibovu.

Kama bado hujanunua, nenda kulitazama gari injini ikiwa baridi, na mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, rudi siku nyingine.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye mlima ule. Simu ilisoma 90 nikianza kupanda, 93 katikati, 96 karibu na kilele, na niliposhuka upande wa pili ikarudi 91.