Nyaya za meza ya kushonea: anza na pasi

Dada, umeuliza ufanyeje na nyaya za cherehani, ovaloki (mashine ya kuziba kingo za kitambaa), taa na pasi zinazosokotana chini ya meza yako hapo Nkuhungu. Kwanza itoe pasi kwenye hilo kundi. Pasi ya wati 2000 kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 9. Cherehani ya nyumbani ni kama wati 100 tu. Pasi ichomeke moja kwa moja ukutani, na waya wake usiuzungushe inapotumika, maana joto linakosa pa kutokea na plastiki inalainika. Ndiyo ile harufu ya plastiki uliyosema unaisikia.

Vilivyobaki, chomoa vyote. Funga ekstensheni moja ya ampia 13 kwa skrubu chini ya ubao wa meza, matundu yatazame pembeni; yakitazama juu, vumbi letu la Dodoma na vinyuzi vitajaa humo. Waya uliozidi ukunje kama namba nane, ufunge kwa velkro ya sentimita 15. Tai za plastiki achana nazo, ukizikaza sana zinaumiza ganda la waya. Waya wa pedali uachie ulegevu wa sentimita 30 hivi, la sivyo mguu utaung'oa. Na ekstensheni juu ya ekstensheni, hapana.