Maswali ya hesabu wiki hii: acheni kukariri, someni maana

Je, 1 ni namba tasa? Si inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe?

Siyo tasa. Namba tasa ina vigawo viwili, havizidi havipungui, na 1 ina kimoja tu. Ila msiishie hapo, ulizeni kwa nini walikubaliana hivyo. Chukua 12, ukiivunja kwa namba tasa unapata 2 × 2 × 3, na hata mwingine akianzia kwingine atafika kwenye hizo hizo. Sasa iruhusu 1 iingie, utaandika 1 × 2 × 2 × 3, halafu 1 × 1 × 2 × 2 × 3, haina mwisho na kanuni yote imekufa. Walimu nawaomba sana, ule wimbo wa "kwa 1 na kwa yenyewe" ndo unawachanganya watoto, wafundisheni "vigawo viwili".

Sifuri ni shufwa au witiri?

Shufwa. Inagawanyika kwa 2 bila baki.

Pai ni 22/7 au 3.14?

Si hii wala ile. Pai ni mzingo wa duara gawanya kwa kipenyo chake, na mwanahisabati Lambert alishathibitisha tangu karne ya 18 kwamba haiandikiki kama sehemu ya namba kamili. 22/7 ni makadirio, tena mazuri: duara la kipenyo cha mita 7 utapata mzingo wa mita 22, imezidi kama milimita 9 tu, fundi hata haoni. Tumieni, lakini mkiandika wekeni ≈, siyo =.

10 − 4 + 3 ni ngapi? MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasema jumlisha kwanza.

Jamani, hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ni 9. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja, unatoka kushoto kwenda kulia, na kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Aliyepata 3 amekariri herufi tu. Na nyie mnaonitumia 8 ÷ 2(2 + 2) niwaamulie ugomvi wa WhatsApp, kosa ni la aliyeandika, aongeze mabano ieleweke.

Riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kwa mwaka si 120?

Ni 120 kama riba unailipa kila mwezi. Usipolipa, wakaibebesha kwenye deni, mwezi wa pili unatozwa 10 ya 110, siyo ya 100 tena, inaendelea hivyo hivyo na laki moja baada ya miezi 12 inakuwa 313,843. Hukuniuliza hili ila nakwambia: hao wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu, wanajua ukisikia "asilimia 10 tu" hutauliza ni 10 ya nini. Mwambie akuandikie kwa shilingi utarudisha jumla ngapi na tarehe gani, akianza kuzunguka usisaini.