Kutembea Dodoma mpaka Kondoa na mguu bandia

Dada nimekusoma vizuri, mguu ulikatwa chini ya goti, una wa bandia mwaka wa tatu sasa, unataka kutembea peke yako toka mjini mpaka Kondoa, zaidi ya km 150, na nyumbani wanakukatalia. Mi nina mguu kama wako na nilishatembea mjini mpaka Mayamaya, kwenye barabara hiyo hiyo ya Kondoa, km 43 hivi, siku nne, kwa hiyo naongea kitu nakijua.

Inawezekana, ila anza na Mayamaya, ukifika mzima ndo tuongee Kondoa. Shida sio pumzi, shida ni kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki. Jasho linalowesha soksi, mchanga kidogo tu ukiingia unakusaga kama msasa, mi siku ya pili navua nakuta lengelenge kubwa kama sarafu ya mia mbili, nikashinda nimelala kwa mama mmoja muuza uji, Mungu ambariki. Kila saa kaa kivulini, vua mguu, futa kisiki, vaa soksi kavu, beba hata nane. Ukiona alama nyekundu kwenye kisiki haifutiki ndani ya dakika 10 basi siku hiyo imeisha, na pakichubuka nenda hospitali, haswa kama una kisukari, usipake spiriti ukaendelea.

Kabla ya yote fundi wa mguu bandia akague soketi, pale kisiki kinapoingia, maana kisiki huwa kinapungua. Nenda Juni au Julai, Oktoba jua la huku ni kali mno. Afu mama yako mtumie lokesheni kila unapopumzika, na kila kijiji chukua namba ya bodaboda mmoja.